Yuji Sakamoto hakuzaliwa Netflix

Januari 2025 makampuni makubwa ya Japani yaliondoa matangazo yao Fuji TV kwa mkupuo, baada ya kituo hicho kushindwa kueleza kwa uwazi namna kilivyoshughulikia tuhuma za unyanyasaji wa kingono zilizokihusu. Tangu hapo umekuwa wimbo: televisheni ya Japani imekwisha, na mwandishi wa tamthilia anayetaka kuendelea kula kwa kalamu yake na ahamie kwenye majukwaa ya mtandaoni. Ushahidi unaotangulizwa ni Yuji Sakamoto. Mei 2023 alitwaa tuzo ya skripti bora huko Cannes kwa filamu ya Kaibutsu iliyoongozwa na Hirokazu Kore-eda, na mwezi uliofuata Netflix ikatangaza kwamba imefunga naye mkataba wa miaka 5. Watu wameyaunga matukio hayo mawili wakapata kisa kitamu: kipaji kilichofungiwa ndani ya televisheni kwa miaka 35 hatimaye kimefunguliwa mlango.

Kisa hicho kinapotosha. Sakamoto ametengenezwa na televisheni ya kila wiki, pamoja na mabaya yake yote, na jukwaa la mtandaoni limenunua tunda lililokwisha kuiva kwenye mti wa mwingine. Kujadili ataandikia wapi mtu aliyekwisha kufika ni kupoteza wakati. Yanayostahili kutuumiza vichwa ni mawili: nani leo anamkabidhi kijana wa miaka 20 na kitu tamthilia nzima aiandike, na skripti ikishaandikwa inabaki kuwa mali ya nani.

Sakamoto alizaliwa Osaka mwaka 1967. Mwaka 1987, akiwa na miaka 19, alishinda shindano la kwanza kabisa la Fuji TV la waandishi chipukizi wa skripti. Shindano hilo halikuwa sadaka. Kituo kilikuwa kinataka tamthilia za vijana wa mjini, na njia fupi ya kuzipata ilikuwa kuwatafuta wanaoishi maisha hayo. Mshindi wa mwaka uliofuata alikuwa Shinji Nojima, ambaye naye alikuja kuwa mmoja wa majina makubwa ya miaka ya 1990. Januari 1991, Sakamoto akiwa na miaka 23, alikabidhiwa Tokyo Love Story, iliyotokana na manga, yaani katuni za Kijapani, ya Fumi Saimon, katika nafasi ya Jumatatu saa 3 usiku ambayo ndiyo ilikuwa kioo cha kituo. Sehemu ya 11, ya mwisho, ilifikia asilimia 32.3 ya kaya zilizopimwa. Wengi wangeng'ang'ania hapo. Yeye katikati ya miaka ya 1990 alijiweka kando na televisheni, na miongoni mwa aliyoyafanya ni kuandika skripti ya Real Sound: Kaze no Regret, mchezo wa Sega Saturn uliotoka 1997. Mchezo huo hauna picha. Mchezaji anasikiliza sauti, na hadithi ikifika njia panda anachagua pa kupita. Kipande hiki cha kazi yake husahaulika, nami nakiona kuwa cha thamani kubwa, kwa sababu mtu aliyewahi kubeba hadithi ndefu kwa sauti tupu hawezi tena kuandika mazungumzo kwa uzembe.

Aliporudi alirudi mwingine. Watashitachi no Kyokasho ya 2007 ilimpa Tuzo ya Kuniko Mukoda, heshima ambayo waandishi wa televisheni wa Japani huithamini kuliko nyingi. Zikafuatana Mother mwaka 2010, Soredemo, Ikite Yuku mwaka 2011, Saikou no Rikon na Woman mwaka 2013, na Quartet mwaka 2017. Mother na Woman zilirushwa na Nippon TV, Quartet na TBS. Mwandishi wa skripti Japani kwa kawaida si mwajiriwa wa kituo. Anatembea na kalamu yake kutoka mlango huu hadi ule, na jambo hilo lina uzito wa kisheria nitakaoufikia mbele.

Ili kuelewa kilichomkomaza, itazame kazi yenyewe. Mwaka wa televisheni ya Japani umegawanywa misimu 4, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tamthilia hukaa msimu mmoja, sehemu 10 au 11, na kila sehemu katika nafasi ya saa moja hubaki na dakika 46 hivi ukishatoa matangazo. Skripti huhesabiwa kwa karatasi yenye viboksi 400, herufi moja kila kiboksi, na karatasi moja hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye kioo. Wengine hutumia nusu yake, ya viboksi 200, inayoitwa pera. Sehemu 11 ni karatasi 500 na ushee, yaani zaidi ya saa 8 za hadithi, na kwa desturi zote huandikwa na mtu mmoja. Marekani mzigo wa namna hiyo hugawiwa chumba kizima cha waandishi. Na mwandishi haanzi na mazungumzo. Huanza na pendekezo la kurasa chache, kisha muhtasari, kisha hako, maana yake sanduku: kila tukio huwekwa kwenye sanduku lake, nani yupo, anataka nini, na nini kimebadilika anapotoka. Sanduku ambalo ndani yake hakuna kilichobadilika hutupwa, hata kama lina maneno mazuri. Ndipo huja skripti yenye viungo vyake 3: hashira, mstari unaotaja mahali na wakati, togaki, maelezo ya kinachoonekana, yanayosogezwa ndani kidogo kutoka ukingoni, na serifu, maneno ya wahusika. Rasimu ya kwanza hupelekwa kwenye hon'uchi, kikao ambacho mwandishi, mtayarishaji na mwongozaji huipitia ukurasa kwa ukurasa. Hurudi ya pili, pengine ya tatu na ya nne, kisha hutoka rasimu ya matayarisho, ambayo watu wa mavazi, vifaa na maeneo ya kupigia picha huitumia kupanga na kuhesabu gharama, na mwisho kabisa rasimu ya uamuzi, ile anayoikariri mwigizaji.

Yanayoharibika katika utaratibu huo yanajulikana na hayafai kufichwa. Waigizaji wakuu hushikiwa nafasi mapema, mara nyingi kabla hadithi haijakamilika, na mwandishi hujikuta anaiandikia ratiba ya staa badala ya kumwandikia mhusika. Upigaji picha huanza skripti zilizo tayari zikiwa chache, na sehemu za mwisho huandikwa wakati zile za mwanzo ziko hewani. Kosa lililopenya sehemu ya 2 halifutiki, kwa kuwa mtazamaji ameshaliona. Mwandishi atalibeba mpaka mwisho au atalitafutia sababu. Uchovu huonekana zaidi katikati, sehemu ya 5 hadi ya 7, ambako hadithi iliyopangwa kwa haraka huanza kuzungukazunguka ili kuvuta muda. Kwa tamthilia zinazotokana na manga ipo hatari nyingine: mwenye manga na mwandishi wa skripti mara nyingi hawakutani, maneno yao hupitia kwa mchapishaji na kwa mtayarishaji, na kila mkono yanaopitia huyapunguza makali. Januari 2024 mchoraji mmoja wa manga alifariki baada ya mvutano wa aina hiyo kuhusu tamthilia iliyotokana na kazi yake, na Mei mwaka huohuo Nippon TV ikatoa ripoti ya uchunguzi. Anayeitetea televisheni bila kulitaja hilo hatendi haki.

Hata hivyo, ndani ya mbano huohuo ndimo ulimozaliwa uandishi ambao leo dunia inaulipia. Chukua sehemu ya kwanza ya Quartet. Wanamuziki 4 wako mezani, katikati pana sahani ya karaage, kuku wa kukaanga. Wawili wanakamulia limau juu ya kuku wote bila kuuliza, na Iemori, anayechezwa na Issey Takahashi, anagoma: kuku aliyekwisha kutiwa limau harudi tena alivyokuwa, kwa hiyo ulipaswa kwanza kuuliza. Ubishi unaendelea, watu wanacheka nyumbani, na mtu anaweza kudhani mwandishi anajaza dakika. Kabla sehemu hiyohiyo haijaisha, Maki, mmoja wa wanamuziki hao, anasimulia jinsi alivyomsikia mumewe kwenye baa akimwambia mwenzake kwamba hapendi limau kwenye karaage. Mke amekuwa akimkamulia miaka yote ya ndoa, na mume hakusema. Limau lile la mezani lilikuwa ndoa. Tazama na gharama yake: chumba kimoja, sahani moja, watu 4 waliokaa. Mwandishi asiye na fedha za kulipua gari, anayemwandikia mtu anayeosha vyombo huku sikio likiwa sebuleni, hujifunza kutia hadithi nzima ndani ya maneno ya kawaida. Ustadi huo Sakamoto aliuchonga msimu baada ya msimu, kwa tarehe ya kurusha isiyosogezwa hata siku moja.

Upande wa pili una hoja nzito, nami nazikubali nyingi. Netflix iliingia Japani Septemba 2015, na mwaka uliofuata ikatoa Hibana, sehemu 10. Kwenye tamthilia zinazotengenezwa kwa ajili ya jukwaa kama hilo, skripti kwa kawaida hukamilika kabla kamera haijawashwa, hivyo mwandishi anaweza kugundua kwenye sehemu ya 7 kwamba mhusika fulani alipaswa kuingia sehemu ya 1, akarudi nyuma akamwingiza. Hakuna dakika 46 za lazima. Sehemu moja inaweza kuwa fupi na nyingine ndefu kadiri hadithi inavyodai. Hakuna mdhamini wa magari anayekataza ajali ya gari. Ziko hadithi ambazo saa 3 usiku kwenye televisheni ya matangazo zisingepita mlangoni. Kankuro Kudo na Shizuka Oishi, waandishi wawili wakubwa, waliandika Rikon Shiyouyo kwa kupokezana kwa ajili ya Netflix mwaka 2023, sehemu 9, jaribio ambalo msimu wa kawaida wa televisheni usingelipa nafasi kirahisi. Na WOWOW, televisheni ya kulipia, ilimwezesha Akiko Nogi mwaka huohuo kuandika Fence, sehemu 5 tu, kuhusu Okinawa na kambi za jeshi la Marekani. Anayesema kwamba televisheni ya matangazo ingefanya hayo yote anajidanganya.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya viwango vya utazamaji. Inasemwa: Quartet haikufikisha wastani wa asilimia 10, tamthilia yake ya anone ya 2018 ikashuka chini ya hapo, Sakamoto akatangaza kupumzika na tamthilia za msimu, kwa hiyo televisheni ilimchoka, na mtandao ukamwokoa. Kwanza, asilimia hizo zilipima kaya zilizowasha runinga saa ileile tamthilia iliporushwa. Hazikumhesabu aliyerekodi akatazama Jumamosi, wala aliyeitazama kwenye simu ndani ya treni. Kampuni ya Video Research yenyewe ilipanua upimaji wa mtu mmojammoja nchi nzima mwaka 2020, kwa sababu kipimo cha kaya kilikuwa hakisemi tena kinachotakiwa kujulikana. Pili, televisheni haikumwacha: alirudi 2021 na Omameda Towako to San-nin no Moto-otto, sehemu 10, na 2022 na Hatsukoi no Akuma, wote wakijua kwamba viwango vya kaya vingekuwa vidogo. Tatu, angalia nani aliyemshika mkono alipokwenda sinema. Hanataba Mitai na Koi o Shita, filamu ya 2021 iliyoingiza zaidi ya yeni bilioni 3, iliongozwa na Nobuhiro Doi, mwongozaji wa Quartet. First Kiss ya Februari 2025 iliongozwa na Ayuko Tsukahara, ambaye jina lake limejengwa na tamthilia za TBS. Hata Kaibutsu, iliyompa Cannes, ni mwongozaji mwenye desturi ya kuandika mwenyewe aliyekubali kupokea skripti ya mtu wa televisheni; Kore-eda hakuwa amefanya hivyo tangu filamu yake ya kwanza ya 1995. Na kazi yake ya kwanza baada ya tangazo la Netflix, filamu ya Crazy Cruise ya Novemba 2023, haikuwa na makali ya limau lile.

Wanaodai kwamba ngazi ya mashindano imeoza nao wajibu kuhusu tamthilia ya silent. Miku Ubukata alishinda shindano lilelile la Fuji TV mwaka 2021. Oktoba 2022, akiwa na miaka 29, akapewa tamthilia nzima ya kuandika, hadithi yake mwenyewe, sehemu 11, kuhusu kijana aliyepoteza usikivu na msichana aliyekuwa mpenzi wake shuleni. Viwango vya kaya havikuwa vya kutisha. Lakini kwenye TVer, huduma ya vituo vya Japani ya kutazama bure mtandaoni kwa siku chache baada ya kurushwa, tamthilia hiyo ilivunja rekodi. Tena ilikuwa hadithi ambayo huwezi kuifuata ukiwa unaosha vyombo, kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo ni lugha ya ishara yenye maandishi chini ya kioo. Ukigeuza macho umepitwa. Hapo mtandao na televisheni havikupigana. Televisheni ilitoa nafasi, tarehe na fedha kwa msichana asiyejulikana, na mtandao ukampelekea watazamaji waliokuwa tayari kuketi na kuangalia. Akiko Nogi alipita mlango huohuo mwaka 2010, akiwa na miaka kama 36, baada ya kutoka kwenye kazi ya filamu za matukio halisi. Miaka 8 baadaye akaandika Unnatural, 2020 MIU404, na 2024 akaziunganisha dunia za tamthilia hizo mbili kwenye filamu ya Last Mile iliyoingiza zaidi ya yeni bilioni 5, skripti yake mwenyewe isiyotokana na manga wala riwaya.

Sasa lile la sheria, ambalo katika mijadala hii haligusiwi ilhali ndilo linaloamua maisha ya mwandishi akiwa na miaka 60. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Japani, kifungu cha 16, mwandishi wa skripti hahesabiwi miongoni mwa waundaji wa filamu. Wasomaji wa haraka huona hapo kadharauliwa. Maana yake ni kinyume: skripti ni kazi inayosimama peke yake, yenye mwenyewe, na filamu au tamthilia ni kazi iliyozaliwa nayo. Kifungu cha 28 kinampa mwenye kazi ya asili haki juu ya kile kilichotokana nayo. Kwa kuwa mwandishi hakuajiriwa, kituo hakiwezi kudai kwamba skripti ni yake tangu mwanzo. Kwa msingi huo tamthilia ikirudiwa, ikiuzwa kwa diski au ikipelekwa kwingine, mwandishi hudai malipo, na Nihon Kyakuhonka Renmei, shirikisho la waandishi wa skripti, huyakusanya kwa niaba ya wanachama wake. Marekani mambo ni tofauti: skripti huandikwa kwa niaba ya studio, studio ndiyo mwenye hakimiliki, na mwandishi hupata mirabaha kwa nguvu ya mkataba wa chama. Ndiyo maana mwaka 2023 waandishi wa Marekani waligoma siku 148, wakidai pamoja na mengine malipo yanayolingana na jinsi tamthilia inavyotazamwa mtandaoni. Walichokuwa wanakipigania kwa mgomo, mwenzao wa Japani ana mzizi wake ndani ya sheria. Mzizi huo unaweza kung'olewa kwa saini moja.

Thamani yake inaonekana vizuri katika Mother. Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar ambaye jioni zake zimezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili ana sababu ya kulijua hili: tamthilia mbili zilizotikisa Uturuki zilitoka mezani kwa Sakamoto. Anne, ya 2016 hadi 2017, ni Mother. Kadın, ya 2017 hadi 2020, ni Woman, ile ya mama mjane mwenye watoto wawili na ugonjwa wa damu. Sehemu 11 za Woman zilikuwa 81 Uturuki, tena sehemu ya Kituruki huwa na urefu wa filamu nzima. Mother imetengenezwa upya pia Korea Kusini, Ukraine, Thailand, China, Ufaransa na Uhispania. Na kinachosafiri si jina tu. Katika Mother mwalimu wa muda, ambaye kazi yake halisi ilikuwa utafiti wa ndege wanaohama, anamwokota mwanafunzi aliyefungiwa na mamaye ndani ya mfuko wa taka kwenye baridi, anamtorosha na kumpa jina jipya, Tsugumi, ndege anayehamia Japani majira ya baridi. Kwenye Anne mtoto anaitwa Melek, na baada ya kutoroshwa anakuwa Turna, yaani korongo, ndege mwingine wa safari. Waturuki walibadilisha mji, familia, urefu na kasi, lakini walipofika kwenye jina walimtafuta ndege anayehama. Uamuzi huo mdogo uliandikwa Tokyo mwaka 2010 na ungali unafanya kazi Istanbul. Mwenye skripti ana haki ya kulipwa kila unapofanya kazi.

Hapa ndipo wasiwasi wangu juu ya majukwaa ya mtandaoni ulipo, na hauhusu ubora. Jukwaa linalorusha kazi yake nchi zote kwa siku moja halihitaji kuuza marudio, wala haliuzii kituo cha Uturuki haki za kutengeneza upya kwa bei ya mnada. Njia ya kawaida ya biashara ya namna hiyo ni malipo makubwa ya mara moja. Mwandishi kijana anayewekewa mkataba mezani aangalie vipengele 3 kabla ya kiasi chenyewe: kama hakimiliki ya skripti inabaki kwake au inahamishwa yote; kama haki za kutengeneza upya, za kitabu na za jukwaani zimetajwa moja moja au zimemezwa na neno "zote"; na kama kuna malipo ya nyongeza tamthilia inapoendelea kutazamwa baada ya mwaka wa kwanza. Mtu mwenye jina la Sakamoto anaweza kujadili kila kipengele. Wa miaka 25 hana uwezo huo, na shirikisho la waandishi lina jukumu la kusimama naye kabla hajasaini.

Tena jukwaa haliendi kumtafuta wa miaka 25. Sakamoto alikuwa na miaka 56 mkataba ulipotangazwa, Kudo 52 na Oishi 71 Rikon Shiyouyo ilipotoka. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya kazi za Kijapani zilizofanya vizuri zaidi Netflix, mwandishi amemezwa na mwongozaji: First Love ya 2022 iliandikwa na kuongozwa na Yuri Kanchiku, Jimenshi-tachi ya 2024 iliandikwa na kuongozwa na Hitoshi Ohne. Sanctuary ya 2023 ni tofauti, kwa kuwa skripti yake ni ya Tomoki Kanazawa na uongozaji ni wa Kan Eguchi, nayo inaonyesha kwamba njia ya pili inawezekana. Lakini kwenye televisheni ya kila wiki waongozaji hupokezana sehemu huku mwandishi akibaki mmoja, na kwa sababu hiyo mtazamaji wa Japani amezoea kusema "tamthilia ya Sakamoto" au "tamthilia ya Nogi" kama tunavyosema kitabu cha fulani. Tamthilia inapopigwa picha kama filamu ndefu, mwenye nyumba anakuwa mwongozaji, na mwandishi anarudi kuwa fundi aliyeitwa.

Ninayemwona amelielewa tatizo hili ni NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Mwaka 2022 ilifungua mradi wa kuwalea waandishi, ikachagua watu 10, ikawafunza kujenga hadithi kwa pamoja, na mwaka 2024 ikarusha 3000 Man, sehemu 8 zilizoandikwa na 4 kati yao. Huo ni utaratibu wa chumba cha waandishi ulioletwa Japani bila kuwanyima hadhi yao, na unapunguza ule uchovu wa sehemu ya 5 hadi ya 7 niliousema. Ila NHK hulipwa na kaya za Wajapani na haitegemei matangazo. Fuji TV inategemea, na shindano lake ndilo lililowatoa Sakamoto, Nojima, Nogi na Ubukata. Kituo kikipungukiwa mapato, kitu cha kwanza kukatwa huwa kile ambacho faida yake huonekana baada ya miaka 10: mchezo wa saa moja wa mshindi asiyejulikana, au msimu mzima uliokabidhiwa mtu wa miaka 23. Wanaosherehekea anguko la Fuji TV kama ukombozi wa waandishi waseme basi nani atabeba gharama hiyo. Netflix ina fedha za kuibeba. Inaweza kufungua shindano la skripti kwa Kijapani, ikamlipa mshindi kwa sehemu 3 za dakika 46, ikamwachia hakimiliki yake na kumweka kwenye hon'uchi na mtayarishaji anayejua kusoma. Kwa fedha inazotumia kwenye tamthilia moja kubwa ingeweza kulea waandishi kadhaa.

Mkataba wa Sakamoto unafika mwisho wake mwaka 2028, akiwa na miaka 61. Kufikia hapo tutakuwa tumeona misimu mingine kadhaa ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na katika kila mmoja jambo la kuhesabu ni dogo: majina mangapi mapya yameandikwa kwenye mstari wa "skripti", na mangapi kati yake yameandika tangu sehemu ya 1 mpaka ya mwisho.